Zafarani, Uliyengoja Kukaribishwa

Mpendwa Bibi yangu Zafarani,

Najua hujui kusoma. Bakari, mwenzangu wa bandani, angekuwa hapa angenicheka mpaka akae chini: "Shabani, wamwandikia farasi barua? Na stempu waibandika wapi, kwenye kwato?" Lakini Bakari yuko kwao Lamu, wewe uko chini ya majani ya Ayalandi, na mimi nimekaa kitandani hapa chumbani kwetu, kiyoyozi kinavujisha maji ukutani, na jana limetokea jambo ambalo sina mwingine wa kumweleza. Nilimpigia dada yangu Zuhura kule Al Qusais, nikaanza kumsimulia, akanikatiza, "Kaka, unalia au una mafua?" Nikamwambia ni vumbi la maranda. Nikakata simu. Sasa nakuandikia wewe, nawe utanisikiliza kama ulivyokuwa ukinisikiliza, sikio moja mbele, jingine nyuma.

Kwa wasiokujua, wacha niwaambie kwanza, wapate kujua hasara waliyopata. Ulikuwa farasi jike wa mbio, wa ile damu safi ambayo ukoo wake umeandikwa mpaka mababu wa mababu, kuliko hata ukoo wangu mimi. Jina lako la kwenye karatasi lilikuwa refu, la Kiarabu, na watangazaji walilitamka kwa mbwembwe. Mimi nilikuita Zafarani siku ileile uliposhuka kwenye lori, kwa sababu jua la asubuhi lilikupiga ubavuni ukang'aa rangi ya wali wa biriani. Ulikuwa mtamba mdogo bado, miguu mirefu myembamba, shingo hujui uiweke wapi. Wenzangu waligombea madume makubwa yaliyoshuka pamoja nawe. Wewe ukabaki, nami nikabaki nawe.

Usifikiri nilikuwa bingwa wa farasi. Nilikuja mji huu wa Waarabu kubeba zege. Kazi ya ujenzi ilipokwisha, jamaa mmoja tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja Al Muraqqabat akaniambia kuna mahali wanatafuta masaisi, watunza farasi. Nikaulizwa kama nimewahi kushika farasi. Nikasema nimekua na punda, baba alikuwa na punda wa kuvuta maji pale Tanga. Aliyeniuliza alicheka, lakini akanipa ufagio. Kwa hiyo, Bibi yangu, mwanzoni nilikutunza kama punda. Nilikusemesha kwa sauti kubwa, nikakugombeza, nikakupa ganda la tikiti. Ganda la tikiti madam, mwalimu wenu wa mbio, alilikataza, na mimi na wewe tunajua kama tuliacha.

Sasa hili la hodi, maana ndilo lililoyashika maisha yako yote. Chumba chako kilikuwa na mlango mwembamba, na kila uliporudi mazoezini Bakari alikuwa humo ndani ameinama na uma wake mkubwa, anageuza maranda ya kulalia. Farasi akiingia ghafla na mtu ameinama, mtu huyo atavunjwa mgongo. Masaisi wa mabanda mengine walipiga mluzi au waligonga ndoo. Sisi wawili, mmoja wa Tanga, mmoja wa Lamu, tungefanya nini? Nilikusimamisha kizingitini nikaita, "Hodi!" Bakari akaegemeza uma ukutani, akajibu, "Karibu!" Ndipo tukaingia. Asubuhi hivyo, jioni hivyo, ukitoka kuoga hivyo, ukitoka kwa daktari hivyo. Hatukudhani tunamfundisha mtu kitu. Ndivyo tulivyolelewa. Mlango wa mtu hauingiwi kimyakimya, na ukipiga hodi usijibiwe, unageuka unarudi zako.

Wewe uliyashika haya upesi kuliko watoto wa dada yangu. Haukupita muda ukawa unasimama mwenyewe kabla sijavuta kamba, masikio yameelekea ndani, unangoja. Siku moja Bakari alikuwa na tende mdomoni, akachelewa kujibu. Ukamngoja mpaka akameza. "Mtazame mwana huyu," akasema. "Yuna adabu kukushinda wewe." Nikamwambia anyamaze ageuze maranda.

Na mbio zako, mashallah! Asubuhi ya kwanza uliyoachiwa kupiga shoti peke yako, nilikuwa nimesimama kwenye uzio na madam. Huyu madam ni mama wa Kizungu mwenye sauti ya kukwaruza, alfajiri zote yuko uwanjani kabla ya sisi wote. Ulipotupita sikusikia kwato zikigonga, nilisikia kama mtu anachana kitambaa. Madam aliitazama saa yake ya kupimia, akaipigapiga pajani, akaitazama tena. Tangu asubuhi ile alianza kupita chumbani kwako kila siku, anajifanya anakagua maji.

Basi ikaja siku ya mbio zako za kwanza, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Geti la kuanzia mbio, kwa asiyelijua, ni safu ya vyumba vya chuma, vyembamba, kila farasi na chake. Farasi anaingia kwa mlango wa nyuma, anafungiwa, kisha milango ya mbele inafunguka kwa kishindo na wote wanatoka kwa pamoja. Wenzako wote waliingia. Wewe ulifika mlangoni, ukasimama. Wakakuvuta, ukakita miguu. Wakakusukuma, ukasimama wima kwa miguu ya nyuma, joki aliyekupanda akaporomoka. Mbio zikaenda bila wewe, ukarudi umelowa jasho na hujakimbia hata hatua moja. Mara ya pili ikawa vilevile. Watu wakaanza kusema, huyo ni mkaidi, huyo ana kichaa. Mkaidi nani? Nilitaka kumrushia mtu ndoo.

Wakubwa wa uwanja wakatoa neno lao: utafanyiwa mtihani wa geti, na ukikataa tena, mbio basi, maisha. Arbab, mwenye mali, mzee mpole aliyekuwa akija Ijumaa na tende mfukoni, naye akasema, "Akikataa, khalas. Mimi simlazimishi mnyama. Tutamuuza." Nikamuuliza Bakari farasi aliyefukuzwa mbio huuzwa wapi. Akasema wengine huishia kuzungusha watoto wa wageni mahotelini, wamefungwa vishada vyekundu shingoni. Wewe! Na ile miguu! Chakula changu cha mchana siku ile kilikwenda kwa paka.

Siku moja kabla ya mtihani madam alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye ujia wa banda letu, kikombe cha chai mkononi, amechoka kama sisi. Nikakuleta kutoka kuoga. Ukasimama kizingitini. "Hodi!" "Karibu!" Tukaingia. Madam akaweka kikombe chini.

"Mtoeni tena," akasema.

Tukakutoa.

"Mwingizeni. Lakini msiseme kitu."

Nikakuleta mlangoni, kimya. Ukasimama. Nikavuta kamba. Ukapandisha kichwa, ukakita miguu ya mbele, macho yakakutoka, yaleyale ya getini. Bakari akanitazama, nami nikamtazama. Lo!

"Sasa semeni," madam akasema.

Hodi. Karibu. Ukaingia, ukaanza kutafuna majani yako, huna habari.

Madam alicheka mpaka akakohoa. Akasema wewe si mkaidi hata kidogo, unangoja kukaribishwa, na pale getini hakuna mwenye adabu. Bakari akaninong'oneza, "Sisi ndio tuliomharibu mwana wa watu." Nikamwambia, "Kumharibu? Tumemlea!" Lakini, Bibi yangu, kulijua tatizo ni jambo moja na wewe kuingia ni jambo jingine.

Alasiri ile tulifanya darasa. Anayeingiza farasi getini alikuwa Joseph wa Kerala, mtu mnene mwenye roho safi, na joki wako alikuwa kijana wa Brazili, mdogo kama kijiti. Saisi haruhusiwi kukaa getini, kwa hiyo hao wawili ndio walipaswa kuyajua maneno. Joseph alisema "Kaaribuu" kama anaimba kanisani. Joki alisema "Oji." Nikamwambia si oji, ni hodi. Akasema, "Ndiyo, oji." Bakari akatoka nje kwenda kucheka. Nikasema basi, Mungu anajua lugha zote, labda na wewe pia.

Asubuhi ukapelekwa getini. Mkubwa mmoja mwenye kofia alisimama pembeni na karatasi zake. Ukafika mlangoni, ukasimama. Mkubwa akaitazama saa. Joki akasema, "Oji!" Joseph akajibu kutoka ndani, "Kaaribuu!" Ukageuza sikio moja nyuma nilikokuwa mimi, kwenye uzio, kama unaniuliza: Shabani, hii nayo ni hodi? Nikakuitikia kwa kichwa. Najua farasi haelewi hayo, lakini nilikuitikia, na wewe ukaingia. Wakakufungia, ukatulia. Milango ikafunguka, ukatoka kama umerushwa. Mkubwa akaandika alichoandika, akamuuliza madam wale walikuwa wanasema nini. Madam akamjibu, "Wanasalimiana."

Kuanzia hapo, nani angekushika? Ulikuwa na namna yako, na sijaona farasi mwingine akikimbia vile. Uliwaacha wenzako watangulie wote, ukabaki nyuma unakula mchanga wao, mpaka watu wasiokujua wanaanza kukuhurumia. Kisha ikifika kona ya mwisho unashusha kichwa, unanyooka, na unaanza kuwapita mmojammoja, bila papara, bila kugusana na mtu. Joki hakuwahi kukuonyesha kiboko. Nilimuuliza siku moja anakuambia nini pale konani. "Simwambii kitu," akasema, "najishikilia tu nisianguke." Ulishinda za kwanza, ukashinda zilizofuata, ukashinda mpaka masaisi wa mabanda mengine wakaanza kunisalimia mimi kwa mikono miwili. Nikawa natembea kifua mbele kana kwamba nimekimbia mimi.

Wapo waliokushinda pia, siwezi kudanganya. Dume moja jeusi lilikupita kwa pua tu, siku uwanja umelowa mvua. Ulirudi chumbani ukageuza makalio mlangoni, hukutaka kuongea na mtu hadi kesho yake. Nilikupenda zaidi siku ile kuliko siku za vikombe.

Halafu ikaja siku ya mashindano makubwa, ile siku ya mwaka ambayo mji mzima unavaa. Farasi walikuja kutoka Japani, Marekani, Uingereza. Wanawake walivaa kofia pana kama sinia. Mimi na Bakari tulikuzungusha mbele ya watu, tumevaa fulana mpya zenye rangi za arbab, na ulitembea kama uwanja ni wako na wale wote ni wageni wako. Tukakukabidhi, tukakimbilia kwenye uzio kutazama skrini kubwa. Jua lilikuwa limeinama, taa zimeanza kuwaka. Hapo ndipo nilipomwona aliyeshika hatamu yako. Hakuwa Joseph. Joseph, tulikuja kuambiwa baadaye, alilala na homa, na waliokuwa getini wote walikuwa wageni kwetu.

Kwenye skrini nikakuona umefika mlangoni, umesimama. Nikaona mdomo wa joki ukifunguka. Wewe hukutikisika. Wenzako wote walikuwa wameshaingia, wanapiga mateke chuma. Wanaume wawili wakashikana mikono nyuma yako wakusukume, nikajua imekwisha, maana wewe husukumwi. "Ya Rabbi," Bakari akasema, kucha zake zimezama mkononi mwangu. "Hapana hata mmoja wa kumjibu." Nikaita karibu kwa nguvu zangu zote, pale nilipo, mbali na wewe, katikati ya makofia. Mama mmoja akanigeukia akasema asante.

Kisha joki akainua mkono kuwazuia wale wa nyuma, akawageukia watu wote wa getini akawaambia kitu. Na nikaona, wallahi niliona kwa macho yangu, vinywa vyao vyote vikifunguka kwa pamoja. Alituhadithia baadaye kwamba aliwaambia, semeni karibu, semeni wote, na wote wakasema, Mfilipino kwa lafudhi yake, Mpakistani kwa yake, hata aliyekuwa ameshika farasi wa mtu mwingine akasema. Ukaingia kama bibi harusi.

Mbio zenyewe nitazisimulia hadi kufa. Ulitoka wa mwisho. Ulibaki wa mwisho upande wote wa mbali, mpaka mtangazaji akaacha kukutaja. Kwenye kona ukashusha kichwa. Nikamwambia Bakari, "Sasa." Ukapita wa kwanza, ukapita kundi la katikati kwa nje, ukabaki na mmoja mbele, dume la watu, limenyooshwa, linapigwa viboko pande zote mbili. Ukaja ubavuni pake, ukakimbia naye hatua chache, kisha ukamwacha. Umati ulinguruma, mimi sikusikia, nilikuwa nimekaa chini kwenye majani na kofia ya mama wa watu mapajani mwangu. Arbab alikuja kukushika uso kwa mikono yake miwili, kanzu yake nyeupe imejaa mchanga wako. "Wageni wangu wote leo nimewaalika kwa kadi," akasema, "wewe peke yako umekaribishwa kwa mdomo." Akakulisha tende zote za mfukoni mbele ya wakubwa.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Al Muraqqabat nikakuta nimeshakuwa Baba Zafarani. Wenzangu wa chumba cha zamani walikuangalia kwenye simu, wamebanana kitanda kimoja. Wakenya walisema wewe ni wao kwa sababu ya Bakari. Watanzania wakasema ni wao kwa sababu yangu. Jamaa mmoja wa Kampala aliapa kwamba shoti ile ni ya Uganda. Zuhura akaniambia madam wake, yule anayemfanyia kazi za nyumbani Al Qusais, alimwita sebuleni amwoneshe farasi kwenye televisheni, naye akamwambia, "Huyo anajua Kiswahili." Madam wake akadhani mzaha.

Ukarudi mwaka uliofuata, ukashinda tena. Halafu asubuhi moja ya kawaida ulitoka mazoezini na mguu wa mbele una moto. Ukano, ule mshipa wa nyuma ya mguu, ulikuwa umechanika. Daktari akasema utapona, utatembea, utazaa, lakini mbio hapana. Arbab akasema, "Khalas. Amekimbia ya kutosha." Ukapangiwa kwenda Ayalandi, kwenye majani na mvua, ukawe mama. Kila mtu aliniambia nifurahi. Nilijibu nimefurahi, nikaenda kusugua ndoo ambazo zilikuwa safi.

Unaikumbuka siku ya uwanja wa ndege? Farasi mnasafiri kwenye sanduku kubwa lenye njia ya kupandia, mnaingia likiwa chini, kisha mnainuliwa ndani ya ndege. Madam alinipanga mimi ndani ya sanduku na Bakari akushike kamba. Mkafika mlangoni, ukasimama. Bakari akapiga hodi.

Nikanyamaza.

Akapiga ya pili. Watu wa mizigo walikuwa wanatazama saa zao. "Shabani," madam akaniita taratibu. Nawe ulikuwa pale, masikio mbele, umenikazia macho, unangoja kwa subira ileile uliyomngojea Bakari ameze tende. Mimi ndiye niliyekuwa na neno. Nikinyamaza huondoki, hakuna wa kukusukuma, unarudi nyumbani na mimi, na maranda mapya nimeshakumwagia. Lakini mguu wako ulikuwa umefungwa bendeji, na kule kulikuwa na majani ambayo mimi siwezi kukuotesha hapa mchangani. Bakari akapiga ya tatu, sauti yake imepasuka. Nikasema karibu. Ilitoka ndogo, sikuisikia mwenyewe. Wewe uliisikia. Ukaingia mara moja, ukaweka pua yako kifuani pangu, na nililia mbele ya watu wa mizigo. Siku ile haikuwa mafua wala vumbi.

Haukupita muda simu ikaita. Binti mmoja wa shamba la Ayalandi, Nora, alipewa namba yangu na madam. Akasema umesimama kwenye mvua nje ya chumba chako na hutaki kuingia, na shamba zima limelowa nawe, wanafanyaje? Nikamwambia aweke simu ndani ya chumba kwa sauti kubwa, kisha aende mlangoni aseme hodi. Nikajibu kutoka huku. Nora akasema umeingia, umezunguka chumba kizima ukinusa kila pembe, unatafuta mtu. Hilo angeacha kuniambia.

Baada ya hapo sikupiga hodi tena. Nilipewa farasi wengine, wazuri, na mlangoni nikagonga ndoo kama wenzangu. Bakari mkataba wake ulikwisha akarudi kwao. Neno lile likawa lako tu, na wewe hukuwepo. Nilisikia umezaa, ukazaa tena. Mwaka huu Nora akatuma ujumbe wa sauti kwamba tumbo lilikushika, daktari akaja, ikashindikana, na kwamba ulikuwa umelaza kichwa mapajani pake. Nilisikiliza ile sauti nikiwa nimesimama kwenye foleni ya basi la Rashidiya, nikaliacha basi likaondoka.

Na jana amekuja mwanao.

Madam alinichagua mimi nimtunze. Nilitaka kukataa. Akashuka kwenye lori, nikashukuru kwamba hafanani nawe, yeye ni rangi ya buni, mguu mmoja una weupe kama soksi. Nikamwambia Imran, kijana mpya wa kutoka Peshawar, amlete, mimi nitangulie kutandaza maranda. Kwa hiyo nilikuwa ndani, nimeinama na uma, mgongo mlangoni, pale pale alipokuwa akiinama Bakari. Nikasikia kwato zinakuja kwenye ujia, zikafika, zikanyamaza.

"Yalla," Imran akasema. Kimya. "Yalla, bibi, yalla." Kimya. "Shabani, huyu farasi ana kichaa."

Nikageuka. Amesimama kizingitini. Hakukita miguu, hakutoa macho. Masikio yote mawili yameelekea ndani, kwangu. Alikuwa anangoja.

Nora hakuwahi kuniambia kwamba aliendelea kupiga hodi. Sikujua kama miaka yote ile, kwenye mvua ile, kila uliposimama mlangoni ulipigiwa hodi, nawe una mwanao ubavuni, mdogo, anajifunza kwako kwamba ndivyo watu wanavyoingia ndani. Nilidhani nimekutoa kwangu ukiwa mtupu. Kumbe ulibeba kila kitu, ukamlea yeye kama tulivyokulea sisi.

Imran akaanza kuvuta kamba. Nikamwambia, "Usimvute. Sema hodi."

"Nini?"

"Sema tu."

Akasema, kwa lafudhi yake ya Kipashto. Mimi nikaegemeza uma ukutani. Nikajipangusa maranda kwanza, ikabidi mtoto wako aningoje kidogo, naye akaningoja. Nikasema, "Karibu, mwanangu." Akaingia.

Basi ndiyo hayo. Ataanza geti si muda mrefu, na madam ameshamtafuta Joseph, mzee sasa, lakini anaimba vilevile. Bakari nimempigia, akasema, "Mwambie mamake tumempokea." Nimekuambia.

Lala salama, Bibi yangu. Sijui farasi mnakwenda wapi, hayo wanayajua wenye elimu ya dini. Ila kama huko kuna mlango, najua ulisimama nje kwa adabu mpaka ukajibiwa. Siku yangu ikifika nitakuja nipige hodi. Huna haja ya kusema neno, koroma kidogo tu, nitajua ni wewe, nitaingia.

Mimi saisi wako,
mtu wako wa mlangoni.